Pengo la Herufi Tano

Jiwe lenyewe sijaliona. Liko chini ya ziwa
lililozaliwa mto ulipozibwa, kaskazini huko,
pamoja na kanisa, ukuta wa malaika na kisima.
Nilicho nacho ni karatasi: mtu aliilowesha,
akaipigapiga kwa brashi usoni pa jiwe
hata ikashika kila kovu, akaianika,
na miaka sitini baadaye imenifikia Makerere
ndani ya bahasha, inanuka vumbi,
herufi zimegeuka kama zinajitazama kiooni.

Nainamisha taa, mwanga uingie kwa ubavu.
Ndipo Kiyunani kinapoinuka, kivuli kwa kivuli:
ΘΣ, herufi mbili na kistari juu yake,
maana jina la Mungu halikuandikwa lote.
Kisha: ...a, wa Yohana shemasi.
Siku ya saba ya mwezi (pamemomonyoka).
Miaka yake tisa.
Jina la mtoto limekwenda na kona ya jiwe,
imebaki a.
Mpumzishe, unasema mstari wa sita, mahali pa
na hapo pengo, herufi tano,
kisha ω, yenye matumbo mawili, nzima kabisa.

Nimepima kwa rula. Tano. Si nne, si sita.
"Nuru" inaenea: φωτιν, na ω yake,
kwa kuwa mchongaji huyu tahajia ilimshinda,
kila penye e ya kumezwa aliimeza.
"Kijani" nacho kinaenea: χλοερ, na ω ileile.
Mahali pa nuru. Mahali pa kijani.
Na mimi Rehana binti Farajala, wa Bombo,
Mnubi kwa jina la kikosi cha babu zangu,
niswaliye mara tano, ndiye nimekabidhiwa
kuamua mtoto wa shemasi alale wapi.

Padri Ssebuliba wa Namungoona, aliyenifundisha
Kiyunani kwa chaki na makaripio, alisema:
"Usijaze pengo kwa huruma.
Cha jiwe ni cha jiwe. Chako kitie mabanoni."

Jumapili nikapanda Bombo. Abuba Mastura
alikuwa kibarazani na tabaga la mama yake,
panya wamelitoboa tundu la kupita ngumi.
Alihesabu mishono kwanza: kumi na mmoja.
Kisha akaziba kwa ukindu mtupu, usiotiwa rangi,
katikati ya zambarau na nyekundu.
Nikamwuliza, mbona unaliachia baka?
"Nyekundu hii ni ya mama. Nikitia yangu,
nani atajua mkono wake uliishia wapi?"

Nikamsimulia habari za mtoto.
Akauliza huko alikozikwa kukoje.
Mchanga, nikamwambia. Mchanga na mto.
"Basi kijani," akasema, hakusita.
Tukanywa chai ya tangawizi. Magharibi ikapita.
Umeme ukakatika, Bombo nzima ikazama,
nikamsikia akipapasa mezani kutafuta kiberiti.
"Au nuru," akasema gizani. "Ngoja kwanza."

Maji yapitayo Jinja leo, wanasema,
huchukua miezi kufika kwenye ziwa lile.
Yanapita juu ya maandishi bila miwani wala rula,
yanajua lililo sahihi, na kila siku
yanalilainisha kidogo.

Nimeandika:
Mpumzishe mahali pa [.....]ω
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, maneno yote mawili,
kama watoto wawili waliofunikwa kanga moja.

Nilidhani nimemaliza.
Lakini kuna mkwaruzo, chini ya nafasi ya kwanza,
mfupi kuliko ukucha:
huenda ni mguu wa φ, huenda wa χ,
huenda ni unywele wa brashi ya yule mtu
siku ile, jua likimchoma, akitaka kwenda zake.

Nimeinamisha taa tena.